Mche wa Msambu wa Sikudhani

Buku akisahau, msitu hukumbuka.

Jana mlimsikia mshenga akiitamka methali hii harusini, nanyi mkacheka kwa kudhani anamzungumzia panya. Ni kweli, alikuwa anamzungumzia panya. Lakini mlicheka kabla ya kujua cha kuchekea, na huko ni kulamba mwiko kabla uji haujaiva. Kaeni. Mwenye haraka aende, atarudi akiwa mzee na hadithi ataikuta hapa hapa. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Zamani, kabla barabara ya lori haijapanda mlimani, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemtindi, huku huku kwetu Usambara, kimeegemea msitu kama mtoto anavyoegemea mgongo wa mama yake. Msitu ule haukungoja mvua inyeshe ndipo ulowe. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka upande wa bahari, majani yakaukamata, ukadondoka tone kwa tone mpaka jua likawa kichwani. Watu wa tambarare wakiwa wanatazama mbingu na kuomba, watu wa Kwemtindi walikuwa wanatafuta mahali pa kuanikia nguo. Walikuwa na maji, kuni, dawa, uyoga na asali. Na kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeshiba, hawakuuliza sana chakula kinapikwa na nani.

Mti walioupenda kuliko yote ni msambu. Ni mti mrefu, umenyooka, na matunda yake huning'inia juu kabisa, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtu. Msambu hauparamiwi. Unangoja tunda lianguke lenyewe, na kama una akili unangojea pembeni. Ndani mna mbegu nyingi, na ndani ya mbegu mna mafuta meupe yanayoganda kama sabuni. Wanawake waliyarundika matunda, wakayafunika kwa majani mpaka nyama yake ikalainika, wakatoa mbegu, wakazianika, wakazitwanga, wakazichemsha, wakaengua mafuta. Makande ya mafuta yale, wajukuu zangu, yalimfanya hata aliyefunga aulize jua limefika wapi.

Ila mbegu zile zilikuwa na mpenzi mwingine, naye ni buku. Buku ni panya, lakini msimfikirie huyu wenu wa darini. Buku ni mkubwa kama paka, mkia wake una ncha nyeupe, na mashavuni ana mifuko. Akikuta mbegu anazisokomeza mashavuni mpaka zinajaa, kisha anakwenda zake bila kusalimia mtu, kama mama anayetoka harusini na pilau kwenye upindo wa kanga. Huko aendako anazifukia chini ya majani, moja hapa, mbili pale, akiba ya siku ya njaa.

Na palikuwa na desturi. Binti wa Kwemtindi hakuondoka kwao bila mche wa msambu. Mama yake na shangazi zake waliingia msituni, wakatafuta mche ulioota wenyewe, wakauchimbua na udongo wake, na bibi harusi akaubeba mpaka kwa wakwe. Ukipandwa kule na ukashika, basi na yeye ameshika. Aliyekwenda bila mche aliitwa mgeni, na mgeni hata akizaa watoto kumi, siku ya ugomvi ataulizwa anaondoka lini. Na mche ulikuwa lazima utoke msituni, maana hapana mtu aliyewahi kuuotesha nyumbani. Ukipanda mbegu ya msambu uani kwako, inakaa kimya mwaka mzima kama mtu anayedaiwa, halafu inaoza.

Sasa katika kijiji kile alikuwepo bwana mmoja, Sempombe. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya hadithi ingekuwa fupi. Alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, aliyezaliwa baada ya watu kukata tamaa na mama yake, na Sempombe alimpenda mpaka aliona haya. Binti alipokuwa bado anang'oka meno ya utoto, baba yake alishaanza kuwaza harusi: mafuta ya msambu yafurike, vyungu vijae, mkwe akose pa kukaa kwa wingi wa vyungu. Akaenda msituni kuhesabu matunda yake, akakuta yametobolewa na mbegu hazimo.

"Mwizi!" akasema. "Anamwibia mwanangu!"

Tangu siku ile akatangaza vita na mabuku. Alitega matanzi, akatega mawe, akafuga mbwa. Akafyeka vichaka vyote chini ya misambu ili mwizi asipate pa kujificha, akafagia majani makavu, mpaka chini ya miti pakawa kama msikiti siku ya Ijumaa. Wenzake walimcheka kwanza. Kisha wakaonja supu ya buku, wakaacha kucheka, wakaja na mitego yao. Nisiwafiche, supu ya buku ni tamu, na fikra nyingi nzuri zimezama katika supu tamu.

Mitego ikaenea msitu mzima, isipokuwa bonde moja. Bonde lile alikaa Bibi Mwanahiza, mama mkwe wake Sempombe, peke yake na mbuzi wake na ugoro wake. Na siku hizo mwanamume hakukutana na mama mkwe wake. Akimwona njiani anaingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu. Hapiti anapochota maji, hakanyagi anapookota kuni. Bonde zima lilikuwa la kuni za Bibi Mwanahiza, basi Sempombe akaliacha. Wala hakuona hasara, kwa sababu bondeni mle hamkuwa na msambu wa kuzaa hata mmoja.

Miaka ikaenda. Mafuta yakajaa kweli, Sempombe akasifiwa. Sikudhani akakua, akawa msichana wa kujibu watu. Akaposwa na kijana aitwaye Hoza, wa kijiji cha Kwevumo ng'ambo ya mlima, na waliopeleka posa hawakujua kwamba wenyewe wawili walishapatana mtoni zamani. Mahari yakapokelewa. Harusi ikapangwa masika yakiisha.

Ndipo mama yake na shangazi zake wakaingia msituni kutafuta mche.

Walirudi jioni mikono mitupu. Wakasema wamechelewa kuondoka. Siku iliyofuata wakaondoka alfajiri, wakarudi vile vile. Wakaenda tena, wakaenda na majirani. Walichunguza chini ya kila msambu, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mtoto hukaa miguuni pa mama yake. Waliona misambu mikongwe iliyojaa matunda. Waliona misambu vijana iliyokwisha kumpita mtu kimo, ambayo haing'oleki. Midogo haikuwepo. Msitu ulikuwa kama nyumba yenye mababu na vijana, lakini hakuna mtoto anayelia ndani. Na pale palipofyekwa na kufagiwa, mvua ilikuwa imechukua udongo mweusi ikaupeleka mtoni, mizizi ikabaki nje kama mbavu za ng'ombe mgonjwa.

Sempombe akasema, "Mnahangaika bure. Nitauotesha mwenyewe."

Akachagua mbegu nono, akazipanda uani, akazimwagilia. Kila asubuhi akawa anafukua moja kuangalia kama imeamka. Mbegu gani itaota inafunuliwa kila siku kama mtoto anayevuliwa shuka? Nyingine kuku wakazifukua, nyingine zikaoza.

Habari haina miguu lakini huvuka mlima. Kutoka Kwevumo akaja shangazi yake Hoza, mwanamke mrefu mwenye maneno mafupi. Alikula makande, akasifu mafuta, akanawa mikono, ndipo akasema, "Mama Hoza ananituma niulize. Mwaleta mke au mwaleta mgeni?"

"Mke, dada yangu," akajibu mama yake Sikudhani. "Mche unatafutwa."

"Basi utafuteni. Harusi hatuiahirishi, maana ng'ombe ameshanenepa. Na Mama Hoza anasema, kama mtaleta mgeni atampokea, tena kwa heshima. Atamtandikia mkeka wa wageni."

Hoza aliposikia alikuja mwenyewe, akamkuta Sikudhani kisimani.

"Njoo bila mche," akamwambia. "Mimi sioi mti."

"Wewe huoi mti, lakini mimi ndiye nitakayekaa na mama yako ukienda shamba," akasema Sikudhani. "Leo ananitandikia mkeka wa wageni, kesho ananiambia kwaheri. Siji, Hoza. Sitaingia nyumba ambayo kila mtu anangoja nitoke."

"Basi?"

"Basi mle huyo ng'ombe."

Hoza akaondoka bila kunywa maji. Sikudhani akasimama pale mpaka ndoo ikafurika. Hakutaka kulia nyumbani, kwa sababu baba yake angemwona, na baba yake siku hizo alikuwa hali chakula. Akateremka bondeni kwa bibi yake, kulia huko.

Bibi Mwanahiza hakujua lolote. Nani angemwambia? Aibu ya mkwe haipelekwi kwa mama mkwe. Alimtazama mjukuu wake, akapiga chafya ya ugoro, akasema, "Mke mwenzangu, ukitaka kulia, lia ukifanya kazi. Kuni zimeisha. Nenda kule kwenye magogo, machozi yako yakikauka na kuni zitakuwa zimekauka."

Sikudhani akaenda. Akainama kuokota tawi, akaona majani mawili mawili, manene, yanayong'aa. Akaketi chini. Akaugusa shina. Akatazama pembeni akaona mwingine. Na nyuma ya gogo mwingine, na karibu na jiwe mwingine.

"Bibi!" akapiga kelele. "Bibi, njoo!"

"Nyoka?"

"Msambu! Misambu, Bibi! Nani kaipanda?"

Bibi Mwanahiza akaja na fimbo yake, akatazama kama mtu anayeonyeshwa kiti chake mwenyewe. "Hii? Hii ipo siku zote. Mingine huwapa mbuzi kabla haijakua. Si ya kwangu, ni ya jirani."

"Jirani gani? Unakaa peke yako."

"Nani kakwambia? Ninaye bwana mmoja mwenye mashavu. Alfajiri nikitoka kusali namwona anatoka kule juu kwenye misambu ya baba yako, mdomo umejaa. Hufukia hapa, hufukia pale, huku akiangalia nyuma kama mume anayeficha hela. Kesho yake anakuja kuzitafuta, anafukua, anakuna kichwa, anakosa. Kichwa chake na changu vimetoka mfinyanzi mmoja. Zile anazozipata anakula. Zile anazozisahau, ndizo hizi."

Sikudhani akauchimbua mche mmoja taratibu kwa mikono. Chini, pale shina lilipoanza, mbegu ilikuwa bado imeng'ang'ania, na juu yake meno ya buku yameandika. Alikuwa ameitafuna ganda kidogo, akaifukia, akasahau.

Aliupandisha mche ule mbio mpaka ukingoni mwa bonde, na pale ukingoni akamkuta nani? Baba yake. Mbwa wake walikuwa wamenusa nyayo za buku mpaka pale, naye alikuwa amepiga goti anafunga tanzi jipya. Alikuwa amesema moyoni kwamba kama mafuta ndiyo pekee aliyobaki nayo ya kumpa mwanawe, basi hata mbegu moja haitaibiwa tena.

Toka chini Bibi Mwanahiza akapaza sauti. "Sikudhani! Hapo juu pana mtu, au ni kisiki kimevaa kanzu?"

"Ni baba, Bibi!"

Sempombe akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akalipa bonde mgongo, akajifunika uso kwa shuka. "Mwambie bibi yako, shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo."

"Nimesikia, sina pamba masikioni. Mwambie marahaba. Kisha muulize ameshika nini."

"Baba, umeshika nini?"

"Mwambie kamba."

"Anasema kamba, Bibi."

"Ya kuni au ya mbuzi?"

Sempombe akaitazama kamba. Kisha akasema chini chini, "Mwambie ya mtego."

"Ya mtego, Bibi."

"Ahaa! Basi mwambie baba yako hivi. Bonde hili nimekaa tangu nilipoolewa, na msambu mkubwa sijauona humu hata mmoja. Hiyo misambu midogo imekuja na nani? Imeteremka kwa miguu? Mwambie anayemtega ndiye mkulima wake. Analimiwa bure, naye anamkaba koo mlimaji!"

Sikudhani hakutafsiri. Aliunyoosha mche mbele ya macho ya baba yake, mizizi ikiwa bado na udongo mweusi. Sempombe aliitazama mbegu. Meno yale aliyajua. Miaka yote hiyo alikuwa anayaona kwenye matunda yaliyotobolewa, na kila alipoyaona alikasirika. Akayagusa kwa kidole. Akakumbuka chini ya misambu yake palipofagiwa safi, akakumbuka vyungu vya supu. Shuka ikamdondoka mabegani asijue.

Akageuka. Akamtazama mama mkwe wake waziwazi, uso kwa uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe, akasema, "Mama, ipo mingi?"

"Astaghafiru!" Bibi Mwanahiza akajifunika kanga, huku mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mkwe kaniona! Sikudhani, mwambie ipo mingi, lakini ageuke kwanza!"

Sempombe akageuka, lakini kamba ilikuwa imeshatoka mkononi. Akaketi pale pale na mgongo wake, akalia, na kwa mara ya kwanza bonde lile likasikia mkwe akimshukuru mama mkwe bila mtu wa kati. Alimshukuru yeye, akaushukuru msitu, kisha akatafuta neno la kumshukuru buku, akalikosa, maana hakuwa amezoea kumwita kwa jina jingine ila mwizi.

Alipeleka mbuzi wa fidia kwa kumtazama mkwewe, na yule mbuzi alikula miche miwili kabla hajafungwa. Kisha akazunguka msitu mzima akifungua matanzi, yake na ya wenzake. Watu walinung'unika kwa ajili ya supu. Aliwaambia, "Njooni kwangu mle kuku. Hao wamefukua mbegu zangu, na hawajaotesha hata moja."

Siku ya harusi ikafika. Sikudhani alivuka mlima na mche wake umefungwa katika majani ya mgomba, akaubeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kule Kwevumo Mama Hoza alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa desturi mama wa bwana harusi aulize, na baba wa bibi harusi ajibu.

"Mche huu ameulea nani?" akauliza Mama Hoza.

Jibu lililozoeleka lilikuwa: tumeulea sisi. Baba wote walijibu hivyo, na hapana aliyewahi kuona ni uongo. Sempombe akautazama mche kwanza. Watu wakaanza kutazamana. Shangazi mrefu akakohoa.

"Mama," akasema Sempombe, "sisi hatukuulea. Aliyeulea mimi nilimwinda kwa mitego. Buku alisahau, msitu ukakumbuka."

Wakacheka, kama nyinyi jana. Lakini yeye hakucheka, akawaeleza yote, supu na vyote, na kabla hajamaliza kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama Hoza aliupokea mche kwa mikono miwili. Akachimba shimo mwenyewe, nyuma ya nyumba, mahali penye majani makavu. Kisha akamshika Sikudhani mkono, akaingia naye ndani, na mkeka wa wageni ukabaki umekunjwa ukutani.

Tangu mwaka ule wanawake wa Kwemtindi wakiokota msambu, huacha matunda kadhaa pale pale yalipoanguka, na majani hawayafagii. Wanayaita fungu la buku. Walianza kuangalia na wengine, wakaona ndege hondohondo anameza tunda la mti mwingine huku na kuitoa kokwa ng'ambo ya mto, wakaona popo na nyani wanafanya vile vile, kila mmoja anadhani anakula tu. Wakaelewa kwamba msitu ule ulionyonya ukungu na kuwapa mto haukuwa na mkulima mmoja aliyejua kuwa analima. Wakaanza kusema ahsante kwa watu waliowaita wezi, jambo ambalo si rahisi, lakini ukilizoea linapunguza mikunjo usoni. Mimi nimelizoea, nitazameni.

Ndiyo maana methali hii hutumika mtu anapopata neema asiyoipanda. Na hutumika mtu anapodhani alichokipoteza kimepotea, kumbe mahali fulani pameota kitu. Jana mshenga aliisema kwa sababu bwana harusi wetu alizaliwa njiani, akalelewa na watu wasiomjua mama yake, na leo ni kijana mwenye adabu kuliko nyinyi mnaocheka ovyo. Alikuwa anawashukuru waliomlea, na wengine wao hata hawajui kwamba walimlea. Mlisikia panya, yeye alisema ahsante.

Buku akisahau, msitu hukumbuka.